Alama ya Kuuliza Haina Sauti

Jumatatu, 7 Oktoba

Siku ya kumi na tisa bila Delphine. Joto. Umeme umekatika tangu asubuhi. Nimekula bukari ya jana, ugali mgumu, na nusu ya samaki. Nusu nyingine paka wa jirani ameichukua huku namtazama. Sikuwa na nguvu ya kusimama.

Naanza daftari hili ili mambo yawe wazi kwa maandishi. Mimi, Adalbert, ni mwandishi wa barua. Miaka ishirini na sita nakaa mbele ya ofisi ya komine, serikali ya mtaa hapa Lubumbashi, meza yangu, mwavuli wangu, mashini yangu ya kuandika. Barua za kuomba kazi, za malalamiko, za kuomba binti wa watu. Kwa hiyo najua neno ni kitu gani. Neno ni herufi zake. Basi.

Ilikuwa hivi. Tarehe 18 Septemba mke wangu Delphine alisimama mlangoni akifuta mikono kwenye kitambaa. Majuma mengi alikuwa analalamika kwamba simsikilizi. Mimi nilikuwa nasoma. Akasema: "Baba Séphora, mi nirudie kwetu." Kwao ni Kipushi, kwa dada yake Mwape. Mtu akikupa taarifa, unaipokea kwa adabu. Nikamjibu kwamba ni sawa, safari njema, awasalimie wote. Hata begi nilimshushia mimi mwenyewe kutoka juu ya kabati. Akaniangalia muda mrefu. Akaondoka bila kula.

Leo binti yetu Séphora amenieleza kwamba mama yake hakuwa anatoa taarifa. Alikuwa anauliza. Alitaka nimwambie abaki.

Nikamuuliza alama ya kuuliza ilikuwa wapi. Akasema ilikuwa ndani ya sauti, sauti ilipanda mwishoni. Nikamfahamisha kwamba alama ya kuuliza haina sauti. Ni kitu cha karatasi, kimepinda juu na kina nukta chini. Kwenye mashini yangu kitufe chake kilivunjika zamani, na hakuna mteja aliyewahi kurudi kulalamika. Séphora alichukua ndoo akaenda kuchota maji.

Hali ni mbaya. Mwape ni mchuuzi, kila juma anavuka mpaka kwenda Zambia na mizigo. Sasa amepata duka huko Solwezi na anataka Delphine ahamie naye huko, mwisho wa mwezi. Akivuka, amevuka. Hatarudi kwa mtu aliyemshushia begi. Nina majuma matatu. Lazima nitunge mpango.

Jumanne, 8 Oktoba

Séphora anamaliza masomo ya lugha chuo kikuu. Kazi yake ya mwisho inahusu sauti za watu wa Lubumbashi: zinavyopanda, zinavyoshuka, zinavyopumzika, na jinsi maana inavyogeuka wakati maneno ni yale yale. Nashangaa kwamba mtu anaweza kupewa diploma kwa jambo hilo. Hilo sikumwambia, maana namhitaji. Nimemwomba anifundishe.

Akaniwekea simu mbele ya mdomo. Nisome "Mama anapika" kama mtu anayetoa habari. Halafu kama mtu anayeuliza. Halafu kama mtu asiyeamini. Nikasoma mara tatu, kwa utulivu na heshima. Akanionyesha kwenye kompyuta yake mstari wa sauti yangu. Mara zote tatu umenyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Mistari ya watu wengine ina vilima na mabonde, inachosha macho. Amesema katika watu kumi na watano aliowarekodi hajapata mwingine kama mimi, na profesa wake atataka kuiona. Sikutegemea. Nilisikia fahari kidogo, ya kwanza tangu Septemba.

Tukafika kwenye kupumzika. Akaandika: Chola anasema Sylvain ni mwizi. Akasoma moja kwa moja, akaniuliza mwizi ni nani. Akasoma tena, akapumzika baada ya Chola na baada ya Sylvain, akaniuliza tena mwizi ni nani. Nikasema inategemea ushahidi. Chola ni jirani yetu, namjua, hasemi watu. Sylvain namjua pia, na kwake sishangai chochote.

Huyo Sylvain ni mwandishi mwenzangu pale komine. Amekuja mwaka jana tu, na kompyuta na imprimante ya kuchapia, anaimba kwaya, wanawake wanapanga mstari kwake hata kama barua ni ya mistari miwili. Alasiri nilimweleza habari ya mstari wangu ulionyooka. Amesema: "Muzee, na ile sauti yako, bantu bote batalala." Mara ya kwanza ananisifu. Sauti inayotuliza watu si kila mtu anayo.

Jumatano, 9 Oktoba

Mpango wa kwanza. Maandishi, mahali ambapo mimi ni fundi. Nimemwandikia Delphine kwenye simu: "Delphine unarudia nyumbani Jumamosi". Fupi, wazi, bila mapambo.

Jibu limekuja baada ya saa mbili. Audio. Maneno mawili, ya Kifaransa: "Ah bon." Nimesikiliza mara sita. Sauti yake! Nilikuwa nimesahau kwamba ina mkwaruzo kidogo asubuhi. Bon maana yake ni nzuri. Kwa hiyo amesema ni nzuri.

Nimefagia chumba. Nimebadilisha shuka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Hakuja.

Nilipika sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwa mikono yangu. Nilikaa mlangoni tangu saa nne. Kila gari likipunguza mwendo nilisimama. Saa kumi na moja Séphora alikuja akakaa karibu nami, akaomba kusikiliza ile audio. Akasema mama alikuwa na hasira. Ujumbe wangu aliusoma kama amri, na "ah bon" yake ilianzia juu ikaanguka, kama mtu anayesema, basi wewe ndiye unapanga maisha yangu. Nikamuuliza hayo yote yako wapi katika herufi tano. Akasema hayako katika herufi.

Sombe ilikuwa na chumvi nyingi. Tumeila hivyo hivyo.

Jumatatu, 14 Oktoba

Mpango wa pili. Kwa kuwa wanawake wa nyumba hii wanaamini sauti, nitatumia sauti. Nimeandika msamaha, sentensi nne. Delphine, nimekosa. Mimi ndiye mwenye makosa. Nilikufukuza kwenye nyumba yako. Nakuomba msamaha. Nilipoandika ile ya tatu mkono ulisimama. Ni kweli. Sikutaka kumfukuza lakini nilimfukuza.

Sasa, kupanda na kushuka. Séphora alinifundisha kwamba sauti ikishuka mwishoni unasema, ikipanda unauliza. Nimelifikiria hilo. Mtu anayeomba msamaha hawezi kuyashusha maneno yake chini mbele ya mke wake. Ni dharau. Maneno makubwa yapandishwe. Nimechora kwa kalamu ya risasi, mwisho wa kila sentensi, mshale unaoelekea mbinguni.

Nimejizoeza uani. Chola alikuwa upande wa pili wa ukuta anafua. Kila nikimaliza sentensi, yeye anaingilia. Nikisema mimi ndiye mwenye makosa, anajibu: "Mi sijue, muzee." Nikisema nilikufukuza, anajibu: "Njo vile tulisikia." Mtu hawezi kufanya mazoezi katika mtaa huu wa Bel-Air bila watu kujitia katika mambo yake.

Saa nane nimetuma. Kila sentensi imepanda vizuri mpaka juu kabisa. Koo linaniuma.

Jumanne, 15 Oktoba

Simu, saa moja asubuhi. Si Delphine, ni shemeji Mwape. Anafoka. "Unamuuliza ye? Unamuuliza kama ulimufukuza? Uulize miguu yake, ilitembea mpaka stasioni." Nikasema sikuuliza kitu chochote, nimeomba msamaha kwa sentensi kamili. Akasema Delphine alisikiliza mara moja tu, akatoka nje, akakaa nyuma ya nyumba mpaka chakula kikapoa. Akakata.

Séphora amesikiliza. Amejifunika uso kwa mikono yote miwili. Amenichezea audio yangu mwenyewe, sentensi kwa sentensi, akanieleza nilichosema. Ati nilisema: Nimekosa? Ati mimi ndiye mwenye makosa? Ati nilikufukuza? Ati nakuomba msamaha?

Nimemwambia ni ubaya wa simu. Simu za siku hizi zinapotosha.

Lakini mchana wote nimeandika barua mbili tu, na moja niliielekeza kwa mtu asiyehusika.

Jumatano, 16 Oktoba

Mpango wa tatu. Sipendi kuuandika lakini nimesema mambo yawe wazi.

Maneno yangu ni mazuri. Kasoro iko kwenye chombo. Sylvain ana chombo. Nikamwendea nikamwomba asome msamaha wangu kwenye simu, ajifanye ni mimi. Akacheka kwanza. Halafu akataka mahali pangu. Mahali pangu pa miaka ishirini na sita, kando ya lango, penye kivuli mpaka saa tisa. Nikakubali. Tangu saa tano meza yangu iko upande wa mtaro, kwenye jua, na mwavuli una tundu.

Akasoma. "Delphine, nimekosa." Aliliacha lile jina peke yake kwanza, akapumua, halafu "nimekosa" akaiteremsha taratibu kama mtu anayeweka mzigo chini. Mama mmoja aliyekuwa anasubiri cheti cha kuzaliwa akaacha kuongea. Alipofika "nilikufukuza kwenye nyumba yako" nilitazama pembeni. Nilisikia huzuni ambayo sijaisikia tangu mama yangu azikwe. Maneno ni yangu, niliyaandika mimi, lakini mpaka yatoke kwenye mdomo wa Sylvain ndipo nikajua nimefanya nini.

Baadaye nikafikiri kwamba ameongeza chumvi. Hata hivyo nimetuma.

Ijumaa, 18 Oktoba

Delphine amejibu. Audio ndefu, sekunde ishirini. Naandika alivyosema: "Uyu muntu anasema muzuri." Nimefurahi sana hapo. Halafu: "We unashindwa kuniambia na kinywa yako." Hapo sikuelewa. Kinywa changu ni kizima, hata meno mengi yapo.

Nimempelekea Séphora afafanue, kwa kuwa sasa ndiye mkalimani wa ndoa hii. Amesikiliza, amesema: "Mama hataki sauti muzuri, baba. Anataka we umusikie." Amerudia mara mbili.

Nimelipima neno hilo vizuri. Ni kweli mtoto huyu ana akili. Simu haitoshi. Anataka tusikilizane ana kwa ana. Kesho naenda Kipushi mwenyewe, ili anisikie.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimerudi. Viatu vimekwisha.

Nilishuka Kipushi saa nne. Mwape amehamia nyumba mpya, kwa hiyo nikamuuliza mama mmoja muuza mikate. Akanyoosha mkono, akasema: "Ni kuuule." Alilivuta neno, labda ana kigugumizi. Kule ni kule. Nikabisha hodi nyumba ya kwanza. Nikabisha ya pili, ya tatu, ya nne. Katika ya nne mbwa. Nimetembea zaidi ya saa moja kwenye jua, mpaka mwisho wa nyumba zote, mahali ambapo vumbi ni jeupe na unaona mlima wa taka za mgodi. Ilikuwa huko.

Delphine alikuwa uani anachagua maharagwe. Amekonda. Alisimama aliponiona, akafuta mikono, ule ule ufutaji wake. Sentensi zangu zote nne zikapotea. Mwape alitokea mlangoni na mwiko mkononi.

Delphine akasema, polepole: "Baba Séphora. Umekuya kunitwaa."

Nikaona mambo yameharibika tangu mlangoni. Ananishtaki kwamba nimekuja kumchukua kwa nguvu, mbele ya dada yake. Nikajitetea haraka. Nikamhakikishia kwamba hapana, hata kidogo, wazo hilo halikunipitia, nimekuja kusalimia tu na ninarudi na gari la saa nane. Nikarudia mara mbili ili Mwape pia asikie.

Delphine alinitazama. Macho yake yalijaa maji, nadhani kwa vumbi. Akasema: "Ah bon." Safari hii kwa upole. Nzuri tena.

Aliniletea maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akakaa mbali kidogo. Akasema: "Unakulaka muzuri." Nikamshukuru kwa kuliona hilo. Akasema: "Na Séphora, kazi yake inaendelea." Nikasema ni kweli. Alikuwa anajua habari zote, sikuwa na la kuongeza. Tukakaa. Nilitaka kumwambia kwamba chumba ni kikubwa mno. Nilitaka kumwambia habari ya sombe. Mwape akapiga sufuria kwa mwiko, na saa nane ikakaribia.

Jioni Séphora amenitaka nirudie kila neno. Nikarudia. Nilipofika kwenye "Umekuya kunitwaa" akanishika mkono. Je, sauti ya mama ilipanda au ilishuka. Nikafikiri. Nikamwambia ukweli, sikumbuki. Nilikuwa namwangalia mama yake.

Séphora ameanza kulia. Nimemwambia asilie, kwa jumla mazungumzo yalikwenda vizuri.

Jumatatu, 21 Oktoba

Jua upande wa mtaro linapiga mpaka kwenye vitufe. Huwezi kugusa herufi A bila kuungua. Sylvain amekaa kivulini kwangu anakula karanga. Ameuliza habari za Delphine. Nikasema zinaendelea. Akasema: "Ndiyo, tunaona." Nimeshukuru. Mtu akikuona unaendelea, ni ishara nzuri.

Wateja wangu wawili wa zamani wamekwenda moja kwa moja mpaka langoni wakamkuta yeye, na wakabaki huko huko. Sikuwaita. Sikuwa na moyo wa kuita.

Jumatano, 23 Oktoba

Ushindi.

Audio kutoka kwa Delphine, saa mbili asubuhi. Sauti tulivu, wala si ya ugomvi. Nimeiandika neno kwa neno: baba séphora hapana kuya kunitafuta tena utanikuta ku nyumba.

Nilikuwa na meza, karatasi na mashini mbele yangu, nikaiweka sawa kama ninavyofanya kwa wateja. Maneno ni yake, alama nimeziweka mimi: "Baba Séphora? hapana. Kuya kunitafuta tena. Utanikuta ku nyumba." Ile alama ya kwanza baadaye nimeifuta, niliichora kwa kalamu na haikuwa na kazi. Inabaki: "Baba Séphora, hapana. Kuya kunitafuta tena, utanikuta ku nyumba." Hapana, yaani usikate tamaa. Njoo unitafute tena. Utanikuta nyumbani. Sijawahi kuona barua iliyo wazi zaidi.

Nilimkimbilia Séphora nyumbani. Amesikiliza mara tatu. Uso ukaanguka. Anasema mama hakupumzika baada ya "hapana". Alipumzika baada ya "tena". Kwa hiyo anasema nisije kumtafuta tena. Na yale maneno ya mwisho yalipanda: utanikuta ku nyumba? Yaani hatakuwepo.

Nimejaribu kuwa mwadilifu. Nimerudi kwenye mashini nikaandika tena jinsi Séphora anavyotaka. Nimefika mwisho, mashini imekataa. Kitufe hakipo. Halafu nimeandika jinsi nionavyo mimi, na imeandikika yote bila shida, hadi nukta ya mwisho.

Nimemwambia Séphora anafanya kazi nyingi mno, apumzike. Nimempigia Delphine mara nne, simu haipatikani. Mtandao wa Kipushi unajulikana.

Jumamosi naenda kumleta.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimenunua godoro jipya kwa fundi wa jirani, tutalipana. Nimepaka chokaa ukuta wa kitanda. Nimeomba msamaha kwa Mungu kwa habari ya Sylvain. Chola amenisaidia kuingiza godoro, akaniuliza ni la nani. Nikasema mama anarudi kesho. Akasema: "Anarudia." Nikasema ndiyo, ndivyo nilivyosema. Akasema tena: "Anarudia." Mtu mzuri lakini anarudia rudia.

Séphora jana alikwenda Kipushi kumwona mama yake na amelala huko. Amerudi leo mchana, macho mekundu, amebeba sufuria kubwa ya mama yake na ile kanga ya njano. Kwa hiyo vitu vimeshaanza kurudi. Ameweka sufuria chini, amesema: "Baba, tukae, tuzungumuze." Nikamwambia tutazungumza kesho, tukiwa watatu. Akasema neno lake haliwezi kungoja. Nikamwambia limengoja tangu Kipushi, litangoja hadi kesho. Akaanza: "Baba, mama..." Nikamshika bega, nikamwambia najua, mimi pia nimemkumbuka.

Ameingia chumbani kwake akafunga mlango. Namsikia. Mitihani inawatesa watoto hawa.

Jumamosi, 26 Oktoba

Kipushi, saa tano na nusu. Naandika kwenye goti.

Nimeondoka Séphora akiwa bado amelala. Nimevaa suti ya kijivu. Nyumba nimeipata bila kuuliza mtu, miguu yenyewe ilikumbuka. Mlango umefungwa kwa kufuli kubwa, jipya. Bila shaka wako sokoni, anayekwenda sokoni hufunga. Uani hakuna maharagwe wala kiti wala kamba ya nguo. Wamefanya usafi kwa ajili yangu.

Jirani wa upande wa kulia, mama anayeitwa Benita, alikuwa anapepeta unga. Nikamsalimia, nikamuuliza Delphine yuko wapi. Jibu lake limenishangaza. "Delphine alisha kuvuka." Halafu akaongeza: "Na dada yake. Ijumaa."

Safari hii nilisikiliza sauti kama nilivyofundishwa, nikasikia imepanda: mimi ndiye niliyeuliza, naye ananirudishia maswali matatu. Eti Delphine amevuka? Eti na dada yake? Eti Ijumaa? Nikamjibu kwa subira, moja baada ya lingine. Hapana, hajavuka. Hapana, si na dada yake. Na Ijumaa haiwezekani, kwa sababu Jumatano alinitumia neno kwa sauti yake mwenyewe kwamba nitamkuta nyumbani. Mama Benita aliacha kupepeta. Alinitazama kama watu wanavyotazama msiba. Hakuuliza tena. Aliingia ndani, akaniletea kiti na maji.

Watu wa hapa ni wema. Kiti nimekiweka mlangoni kabisa, ili wakirudi waone mtu. Jua ni kali lakini suti nimeibakiza. Nimemtumia Séphora ujumbe kwamba leo apike chakula cha watu watatu.